Meno ya Kushikia Kipenga

Mume wangu hupuliza kipenga kwa meno. Marefa wengine hushika chao kwa vidole, wakishapuliza wanakitoa, maisha yanaendelea. Wa kwangu vidole vyake vilijikunja vikagoma zamani, ukoma ulipomkalia kabla hajapata dawa. Dawa alikunywa, ukoma ukaisha kabisa, ila vidole havikunyooka tena, na ganzi ikabaki mikononi na usoni. Midomo nayo ni milegevu, haibani kitu. Kwa hiyo kipenga hukaa kati ya meno ya mbele mechi nzima, na akitaka kumwonya mchezaji huongea hukohuko kwenye kipenga. Haeleweki hata neno moja, lakini wote hutii.

Na hapo kwenye kutii ndipo penyewe. Aliporudi kutoka hospitali amepona, watu walimsalimia kwa kumpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Ndugu yake wa tumbo moja alimtengea kikombe cha peke yake, kibaya, chenye ufa. Kisha siku moja refa wa mtaa akakosekana. Mume wangu akaokota kipenga, akakiuma, akapuliza, na uwanja mzima ukasimama ukamgeukia yeye. Tangu hapo hana jina jingine ila Refa. Hata mimi nyumbani namwita hivyo, na sitaki kufikiria atakuwa nani akinyang'anywa kile kipenga.

Sasa, kwenye nusu fainali ya ligi ya mtaa kipenga kilimdondoka mara mbili. Mara ya kwanza alikiokota kwa viganja viwili na goti, watu wakacheka kidogo. Mara ya pili kikapotelea kwenye majani, na alipokuwa ameinama kukitafuta, timu ya mafundi bomba ikafunga goli kwa mkono, mchana kweupe. Mechi iliisha kwa kurushiana viatu. Jioni mwenyekiti wa ligi, mtu wa kitambi na heshima zake, akaja nyumbani.

"Shemeji," akaniambia mimi, maana Refa alikuwa amejifungia bafuni, "fainali ni Jumamosi. Hatuwezi kuaibika tena. Kama kipenga hakikai, nampa kinyozi."

"Kinyozi? Yule haoni hata mlango wa kibanda chake!"

"Haoni, ndiyo. Lakini ana meno."

Alipoondoka nilimwomba Refa afungue mdomo nione. Akakataa. Nikamwigizia mwenyekiti anavyotembea, kitambi mbele, akacheka, mdomo ukafunguka wenyewe. Meno mawili ya mbele ya juu yalikuwa yanacheza huku na huku kama vigingi vilivyochomekwa kwenye matope. Na kwa ile ganzi yake, alikuwa hajasikia maumivu yoyote.

Kesho yake tukaenda kwa daktari wa meno. Chumba kilinukia karafuu, kiti kirefu cha kulalia katikati, taa juu, kibeseni cha kutemea mate pembeni. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Akasoma kadi, akafika kwenye neno ukoma, akasema "Ahaa" kwa sauti nyembamba, akaenda kabatini. Akavaa glovu. Akavaa nyingine juu yake. Akatafakari kidogo, akavaa za tatu.

Nikaanza kupanga matusi kichwani, nianze na yapi. Daktari akachukua kile kioo kidogo cha kuchungulia meno, kikamponyoka kikamwangukia Refa kifuani. Akakiokota, kikaponyoka tena. Akajaribu koleo, likatumbukia kwenye kibeseni.

Refa, amelala chali na taa ikimmulika, akamtazama kwa huruma.

"Pole sana, daktari. Na wewe vidole havihisi?"

Daktari akazitazama glovu zake.

"Usikate tamaa, mwanangu. Dawa ipo, inatolewa bure. Nitazame mimi, nilipona."

Kisha mabega ya yule kijana yakaanza kutikisika, akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu, akavua glovu mbili akabaki na moja kama anavyofanya kwa kila mtu.

"Nisamehe, mzee."

"Yameisha. Shika jino."

Akayashika, akayatikisa, akachokonoa fizi. Damu ikatoka. Akauliza mzee anapiga mswaki mara ngapi.

"Kila asubuhi na kila jioni," nikajibu mimi, kichwa juu. "Namsikia mwenyewe bafuni."

"Mama, mdomo huu haujaonana na mswaki siku nyingi."

Nikamwambia asinitanie. Akafungua mswaki mpya, akampa Refa amwonyeshe anavyofanya. Refa akaupokea kwa viganja vyote viwili, ukateleza. Akaushika tena. Akapiga mswaki kidevu, akapiga shavu, akarudi kidevuni kwa bidii, hahisi wala hajui yuko wapi. Alipoona tunamkodolea macho alijikaza kisabuni, akaanza kutoa sauti kwa ulimi: shwa, shwa, shwa.

Maskini mimi! Sauti ilikuwa ileile. Miaka yote nimesimama nje ya mlango wa bafu nikijisifu kwamba nina mume msafi, kumbe ndani mtu anajiimbia shwa shwa mswaki ukiwa mkavu.

"Mwongo wewe!" nikafoka. "Kwa nini hukuniambia? Ningekupiga mswaki mimi!"

"Ndiyo maana sikukuambia." Akaulaza mswaki kifuani. "Mke wangu, soksi unanivalisha wewe. Vifungo vya shati ni wewe. Kucha ni wewe. Nilitaka huu mdomo tu uwe wangu mwenyewe."

Daktari alijifanya anatafuta kitu kwenye droo, na kweli akarudi na kitu: mpira wa tenisi. Akautoboa katikati, akapitisha mpini wa mswaki, akamkabidhi Refa. Kiganja kilichojikunja kikaukumbatia mpira vizuri kabisa. Akamwonyesha ajitazame kwenye kioo badala ya kutegemea kuhisi, naye Refa akapiga mswaki meno, meno yenyewe safari hii, povu likaruka hadi kwenye miwani ya daktari. Nilimwona anavyong'ara usoni, nikasahau kwamba nimekasirika.

Halafu daktari akasafisha fizi, akayafunga yale meno mawili kwa waya mwembamba na meno ya jirani, akasema yatapona yakitunzwa. "Lakini kipenga marufuku. Yakibana kitu kigumu kabla hayajashika, yatang'oka yote mawili."

Refa akatoka mle kama mtu anayetoka msibani.

Nyumbani tulijaribu kila njia ya kupuliza bila kuuma. Tulifunga kipenga kiganjani kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Akakimbia uani, akakipeleka mdomoni kwa mkono usiojua nguvu zake, akajigonga pua. Fundi baiskeli akatutengenezea kitu cha waya cha kuvaa shingoni, kikamchoma jicho. Mimi nikasema basi nitakishika mimi, nikimbie naye, akitaka kupuliza nimtie mdomoni.

"Kama mtoto anayenyonyeshwa?"

"Kama refa mwenye mke."

Alinuna siku nzima, akanuna na iliyofuata. Ijumaa jioni akaniuliza, macho kayakazia ukutani, "Una raba za kukimbilia?"

Jumamosi uwanja ulijaa. Tulipoingia wawili, kicheko kilichozuka sijawahi kukisikia. Mwenyekiti alijishika kichwa. Tulikubaliana kwamba Refa akisema "Mh" natia kipenga, akipuliza natoa. Mara ya kwanza nilikitia kwenye nyusi. Kufikia dakika ya ishirini nilikuwa fundi, tatizo nilianza kuwa na maoni.

"Mh sikusema!" Refa akaning'akia baada ya kupuliza. "Nani kacheza rafu?"

"Yule mrefu."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya. Anataka kufanya."

Mechi ikaenda, hakuna goli. Mafundi bomba wanashambulia, wauza mbao wanajilinda, na beki wa wauza mbao ni mtoto wa kaka yangu, niliyemlea tangu anatambaa. Dakika za mwisho kabisa mshambuliaji akaingia kwenye boksi, na huyo mwanangu akamkwatua miguu yote miwili. Akaanguka kama gunia.

"Mh," akasema Refa.

Yule mtoto alinitazama. "Shangazi! Shangazi yangu!"

Mkono wangu ukabaki chini.

"Mh!"

Nikageuka, nikaona watu wote wanatazama. Hawakuwa wanamtazama Refa. Walikuwa wananitazama mimi, wachezaji, mashabiki, mwenyekiti na kitambi chake, wote wanasubiri mama mwenye kipenga ataamua nini. Hakuna aliyemkumbuka mume wangu aliyesimama hatua moja kutoka kwangu.

Refa hakugomba. Alinigeukia, akafumba macho, akafungua mdomo. Aliufungua wote, waya ukimetameta juani, fizi nyekundu nje, mbele ya uwanja mzima, mtu ambaye alikuwa hataki hata mimi niuone. Akasubiri.

Nikakiweka kipenga polepole, kisiguse meno, nikakishikilia. Akavuta pumzi akapuliza, na vichwa vyote vikamgeukia yeye. Akanyoosha ule mkono wake uliojikunja: penalti.

Goli likaingia. Mtoto wa kaka yangu akajilaza kifudifudi kwenye majani akilia kwamba shangazi amemuua, nami nilitaka sana kwenda kumwinua. Lakini mpira ulikuwa unawekwa kati, na Refa alikuwa ameshafungua mdomo.