Mashine Iliyowashwa Kabla ya Saa Saba

Katika bustani za kukodi za Umande wa Asubuhi, pembeni mwa mji wa Leipzig, watu walilima viazi kidogo na kanuni kwa wingi. Ua wa miti usizidi kifua cha mtu mzima. Mti wa matunda usimtupie kivuli jirani asiyekiomba. Na kanuni mama ya zote: kuanzia saa saba mchana hadi saa tisa, kimya. Katika saa hizo hakuna mashine iliyothubutu kunguruma, na hata mbwa wa pale walibweka kwa haya.

Bwana Ottmar Zschiesche, mpima ardhi mstaafu, aliienzi kanuni hiyo kama watu wanavyomuenzi kifungua mimba, maana ni yeye aliyeitia nakshi. Miaka ya nyuma, baada ya ugomvi mkubwa juu ya mashine ya kukata majani, alisimama mkutanoni akatoa hoja ambayo mkewe, Roswitha, alilazimika kuisikia tena katika kila sherehe ya ukoo: kwamba mashine iliyowashwa kabla ya saa saba iachwe imalize kazi iliyo mbele yake, bali ikizimwa, isiwashwe tena mpaka saa tisa. Wanachama waligonga meza kwa vifundo vya vidole kuashiria kuridhika kwao. Ungedhani amewavusha Bahari ya Shamu.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa Juni, bustani yao ilikuwa imeshikwa na uzi mwembamba. Walikwisha kupewa maonyo mawili, moja kwa ajili ya ua, jingine kwa ajili ya mplamu uliomtupia jirani kivuli, na onyo la tatu lilimaanisha kuondoka. Kamati ya ukaguzi, chini ya mwenyekiti Bi Edeltraud Noack, ingepita saa nane. Ottmar alikuwa amekata ua na kuupogoa mplamu, kazi safi kabisa, isipokuwa matawi yote yalilala kwenye njia ya wote, na lundo njiani ni kosa, na kulirudisha bustanini ni kosa jingine. Dawa ilikuwa mashine ya chama ya kusaga matawi, ambayo zamu yao iliangukia asubuhi hiyo.

Mashine ilifika mapema. Kazi haikuanza mapema. Kwanza Ottmar alimsomea mkewe kijitabu cha maelezo, kwa sauti, akiwa amesimama wima. Wavae miwani ya kinga na viziba masikio. Roswitha avue kitambaa cha shingoni, kisije kikanaswa. Wasimame ubavuni mwa mdomo wa mashine, si mbele yake. Tawi liingizwe kwa upande wa shina, kisha liachiwe. Likikwama, mashine izimwe, plagi ichomolewe, visu vingojewe visimame kabisa. Roswitha hakupinga neno hata moja, kwa kuwa yote yalikuwa kweli. Kasoro yake ni kwamba yalisomwa tena upya, maana mara ya kwanza mumewe alimwona hasikilizi kwa moyo. Baada ya hapo Ottmar akapima urefu wa ua kwa utepe, kisha akaupima tena kutokea upande wa jirani, huenda ua ukawa na siri.

Jirani huyo, Burkhard Thiele, aliegemea uzio na kikombe cha kahawa mkononi.

"Zschiesche, matawi hayo unayasaga au unayabatiza?"

Ottmar alikuwa akitafuta utepe wake mahali alipouweka salama.

Hatimaye mashine ikanguruma, na lundo likapungua vizuri. Saa saba ilipokaribia lilikuwa limebaki fungu dogo, na ndipo tawi la mplamu lenye panda, ambalo lilipaswa kukatwa panda yake kwanza, likakwama kooni mwa mashine. Ottmar akalisukuma kwa fimbo ya kusukumia. Halikutikisika. Chini yake visu viliendelea kuzunguka kwa hamu.

"Izime," Roswitha alisema.

"Nikiizima ndiyo basi. Siwezi kuiwasha tena mpaka saa tisa, na Noack anakuja saa nane."

"Basi iache izunguke hivyo hivyo mpaka kesho."

"Ninaingiza mkono kidogo tu. Visu viko mbali. Nimepima kwa macho."

"Kwa macho? Wewe mwanamume, ua umeupima kwa utepe mpaka ua wenyewe umeona aibu, mkono wako ndio unaupima kwa macho?"

Kengele ya kanisa la ng'ambo ya reli ikagonga saa saba. Ottmar, aliyesimama wima asubuhi kukisoma kijitabu, akapiga goti mbele ya mdomo wa mashine, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akalishika tawi.

Roswitha alijua vizuri anachokwenda kukifanya. Aliviona vichaka vya matunda mekundu alivyovipanda mwenyewe, na kibanda walichokijenga wawili wakati mgongo ulikuwa bado unakubali. Akaenda kibandani akachomoa plagi.

Mngurumo ukashuka, lakini visu havikusimama, kwani visu havipewi taarifa.

"Toa mkono. Bado vinazunguka."

Akautoa, kwa sababu hapakuwa tena na kazi ya kuuweka humo. Papo hapo tawi lililogoma muda wote likateleza lenyewe, na visu vikaliguguna kwa pumzi yao ya mwisho, pale pale ngumi yake ilipokuwa. Kisha kukawa kimya, kama kanuni ilivyotaka.

Burkhard alikuwa ameweka kikombe chini. Akanong'ona, kwa heshima ya saa yenyewe, "Ichomeke tu, Zschiesche. Fungu lenyewe dogo. Nani atasema?"

"Nitasema mimi," Ottmar akajibu, naye kwa kunong'ona.

Wakakaa. Fungu likalala njiani pale, dogo hata mtoto angeweza kuliruka.

Saa nane kamati ikaja kwa ncha za vidole. Roswitha alieleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe nusura akatike mkono. Bi Noack alisikitika kwa dhati, akampa Ottmar pole ndefu. Ila kanuni, alieleza, hazina kifungu kinachohusu mkono, zina kifungu kinachohusu njia. Na kuhusu mashine iliyozimwa, hoja ilikuwa ya Bwana Zschiesche mwenyewe, nayo ni hoja nzuri, chama kingemkumbuka kwayo. Bustani ikabidhiwe baada ya mavuno. Akawatakia mchana mwema, akaondoka bila kukanyaga majani.

Ottmar alimgeukia mkewe.

"Umeiuza bustani yetu," alisema.

"Nimekununulia mkono. Tena ule ule uliouzoea."

Ottmar akautazama mkono, akakunja vidole, akavikunjua.

Saa tisa ilipogonga alivaa miwani, akakata panda za matawi yote kwa mkasi mkubwa, akayasaga moja baada ya jingine, akisimama ubavuni. Alipomaliza alichomoa plagi mwenyewe, akangoja. Kisha akazichukua chenga zote kwa toroli mpaka kwenye vichaka vya Roswitha, ambavyo mwaka ujao vingechumwa na mtu wasiyemjua, akaanza kuzitandaza chini yake polepole, kwa mikono yote miwili.