Matofali ya Akina Mustafa

Baada ya kuanika vyombo, Mwanakombo aliegemea ukuta wa mbele kama ilivyokuwa kawaida yake kila alasiri, akapitisha kiganja kwenye matofali. Nyumba ya akina Mustafa pale Magomeni, si mbali na Mikindani, ilisifika kwa ukuta huo. Kulikuwa na matofali yenye mistari kama ukili, mengine yenye maua, mengine ya chembechembe kama chenga za korosho. Wapita njia walisimama kuyapapasa. Ya maua yalikuwa na vuguvugu.

Siku hiyo aliona mkono wake, kuanzia kiwiko hadi begani, umefanya magamba mekundu. Akaenda kumwonyesha mama mkwe wake, Bi Nuru, barazani. Bi Nuru hakuinuka, maana mgongo wake ulishashikana na ukuta zamani. Aliupapasa mkono, akasema magamba ni nakshi nzuri na nyumba haikuwa nayo bado. Maua yalikuwa ya bibi yake Mustafa. Ukili, wa mke mwenza wa bibi huyo.

"Mwanzo huwasha," alisema. "Baadaye hutulia."

Mwanakombo hakuogopa magamba. Alimwazia mama yake, aliyekuwa mgonjwa huko Mpapura. Tangu mvua za kwanza alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda kumwona, na mumewe Mustafa hakuwahi kukataa. Alisema tu atampeleka mwenyewe korosho zikishauzwa. Zilipouzwa, akasema gari likishatengenezwa.

Basi akajitanda kanga, akatoka, akasimamisha bajaji. Dereva alimtazama miguu, iliyokuwa ikidondosha vumbi jekundu, akamwambia kwa upole:

"Dada, mimi nabeba abiria. Matofali yanapanda guta."

Akarudi. Ilipofika Ijumaa alikuwa yumo ukutani, kando ya dirisha, na majirani wakasema pamependeza.

Mama yake alipopata habari alikuja kwa bodaboda, na homa yake, na unga wa muhogo kapuni. Hakutaka kuonyeshwa. Alipapasa tofali baada ya tofali hadi akafika penye magamba, akaliwekea shavu.

"Umekonda," akaliambia.

Tofali likalowa.

Mustafa alimwamkia mkwewe shikamoo, akamtolea kiti na chai. Mama akaomba aondoke na binti yake, hata kama ni kumchomoa kwa patasi. Atambeba mwenyewe mapajani.

"Hapa hakosi kitu, mama," alisema Mustafa. "Na ukichomoa moja, ukuta wote unalegea."

Bi Nuru alitazama barabarani. Dereva wa bodaboda akapiga honi. Mama akauacha unga chini ya dirisha, akapanda, akaenda zake.

Mustafa alivuka barabara ili autazame ukuta vizuri. Aliona upande wa pili wa dirisha umebaki mtupu, na nyumba imeelemea upande mmoja. Wiki ileile akapeleka posa Mikindani.