Mvumo wa Siku Arobaini

Jana mchana, nimejinyoosha kwenye kochi na kiporo cha wali tumboni, niliota vyombo vyangu vya muziki vimeniita kikaoni.

Amplifaya ndiye mwenyekiti. Amekaa pale pale juu ya kabati, taa yake nyekundu inawaka, anakohoa kama mzee wa kanisa. Kulia kwake yuko deki, na ndani ya deki imo ile kaseti. Spika mbili zimesimama pembeni kimya, maana hazijapewa nafasi ya kusema.

"Amoni Chibago," anaanza amplifaya, "fundi redio, miaka ishirini na sita kazini. Tangu umzike mkeo unatuwasha kila siku, halafu unatutukana. Una shida gani?"

"Mnavuma," nasema.

Nilikuwa nasema kweli. Kaseti ile ina sauti ya marehemu mke wangu, Perusi, mama yake Damari. Alirekodi salamu za kumpelekea binti yetu chuoni, na mwishoni, akiwa ameshanyanyuka kwenye maikrofoni, akaniambia mimi neno. Sijui ni neno gani. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa narekodi, ila akili yangu yote ilikuwa kwenye sindano za kupimia sauti. Sasa nalitaka neno lile na mvumo unalifunika, mmmmm, asubuhi mpaka jioni. Deki ya kuazima sithubutu kuitumia, kaseti imechakaa, itatafunwa. Kwa siku arobaini nimebadili nyaya, nimebadili plagi, nimebadili hata kabati. Kinyozi hajinyoi.

"Mwulizeni habari ya kalamu," anadakia soketi kutoka ukutani.

Naona aibu. Plagi ya deki ina miguu miwili na soketi ina matundu matatu, na nchi hii kila mtu anajua la kufanya: unachomeka kalamu kwenye tundu la juu, vile vimlango vya ndani vinafunguka, plagi inaingia.

"Miaka saba nina kalamu ya bluu mdomoni," anasema soketi, kwa shida. "Na tundu hilo ndilo la kushikia ardhi. Sijashika kitu."

"Kanuni unaijua, fundi?" anauliza mwenyekiti.

"Naijua. Kila chombo lazima kishike ardhi, kisiposhika kinavuma."

"Mpimeni."

Mita, kipimo changu cha umeme, anashuka kutoka kwenye msumari wake. Ananigusisha waya mwekundu kifuani, mweusi anauweka sakafuni, na sindano yake inaruka hadi mwisho. "Huyu hajashika ardhi," anatangaza. Natazama chini. Kati ya nyayo zangu na sakafu pana upenyo wa unene wa daftari.

"Tangu lini?" nauliza.

"Tangu ile Alhamisi."

Ile Alhamisi ndiyo tuliyomzika Perusi. Nataka kujieleza, lakini amplifaya ameshafunga kikao. "Fuata waya," ananiambia.

Nashika waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, unapotokea ukutani, naufuata. Unapita jikoni, chini ya kanga yake ambayo bado imetundikwa mlangoni, unatoka uani mpaka kwenye fimbo ya shaba niliyoizamisha ardhini mwaka tuliohamia. Ardhi yetu ya Dodoma ikikauka haipokei umeme, kwa hiyo kila Jumamosi fimbo ile humwagiwa maji ya chumvi. Mimi nilimfundisha Perusi, na kazi ikawa yake. Tangu afe, ndoo sijaishika.

"Nina kiu," inasema fimbo. "Lakini pita."

Waya unaendelea, nami naendelea nao, na sipo tena uani. Niko makaburini, kwenye ule udongo mwekundu. Waombolezaji wote wapo, mchungaji, kwaya, majirani. Kila mmoja ameshika udongo mkononi, amefumba mdomo, anavuma. Mmmmm.

"Mnafanya nini?" namwuliza Yeriko, kaka yake Perusi.

"Tunakungoja wewe, shemeji," anasema bila hasira. "Siku arobaini sasa. Mkono unaniuma."

Hapo nakumbuka, na heri nisingekumbuka. Siku ya mazishi spika zilikuwa zangu, na mchungaji alipoanza kusoma zikavuma. Nikaona haya, mimi fundi, mbele za watu. Nikaenda nyuma ya gari kuhangaika na nyaya. Wakamwita mume wa marehemu aje atupe udongo. Nikajibu, "Dakika moja!" na maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, makaburi yote yakasikia. Niliporudi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Spika zilikuwa safi kabisa.

"Dakika moja," nasema tena, napapasa mfukoni kutafuta bisibisi.

"Baba Damari," inasema sauti kutoka kwenye jeneza, "jua ni kali. Watu hawajala."

"Mama Damari, kuna mvumo."

"Si ndio hao? Tupa udongo, waende zao."

Nainama. Umeme umenirusha mara ngapi sijui, lakini sijawahi kuogopa namna hii. Nyayo zangu zinagusa chini na chini pana joto. Nachota udongo, kisha siwezi kuuachia, kwa sababu nikiuachia, amekwenda. Nalia mbele yao wote. Yeriko ananishika kifundo cha mkono, taratibu, kama anayemvusha mtoto barabara. Nafungua vidole kidogo. Udongo wangu unaanguka, na wa kwao unaanguka pamoja nao, na mvumo unakatika.

Nikaamka. Jua la saa kumi lilikuwa dirishani. Kaseti ilikuwa inazunguka na spika zilikuwa kimya, kimya ambacho sijakisikia tangu msiba. Kisha ikaja sauti ya mtu aliyekwisha kufika mlangoni:

"Nimemaliza, baba Damari. Zima basi, uje tule. Chakula kinapoa."

Nikainua mkono wa kulia nizime, nikakuta nimeukunja ngumi. Nikaufungua. Kiganjani mlikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Uani kwetu ni mchanga mweupe mtupu.

Nikazima, kama alivyosema, kwa mkono wa kushoto, nikaenda kukaa mezani. Damari, ambaye hajarudi chuoni tangu msiba, alinikuta hapo hapo jioni, kiganja kiko wazi.

"Baba," akaniuliza, "ulikwenda kaburini kwa mama?"

Nikamwambia ndiyo, nimekwenda, ila nilichelewa kidogo.