Mkanda Kwenye Paji la Uso

"Wewe mutu ya milima! Simama hapo!"

Maate alisimama, bunduki mkononi, sanduku la risasi likining'inia mgongoni kwa mkanda wa bunduki alioupitisha kwenye paji la uso. Bega lilikuwa limechubuka vibaya na kilima cha Rukoki kilikuwa bado hakijapandwa, basi akaamua kubeba kama mama yake anavyoteremsha maharage kutoka kijiji chao cha Mahango, juu milimani, kwenda sokoni. Akawapita wenzake wote.

Ilikuwa siku ya mchujo wa wanajeshi. Atakayeshindwa hapandi ndege ya kwenda vitani Somalia. Na Mahango nzima ilishajua kwamba Maate anakwenda. Mkewe Edisa hakuwa na kifua cha kuficha habari kama hiyo.

Sajini Kiiza alimsogelea. Hakumpenda tangu siku ya kwanza, wala hakujisumbua kuficha.

"Hii nini kwa kichwa? Wewe iko mwanamuke? Huko Somalia helmeti utavaa wapi, kwa matako?"

Kikosi kizima kikaangua kicheko.

"Nani alikufundisha hii ujinga?"

"Mama, afande."

"Basi ambia hawa: mama yangu iko punda. Ukikataa, leo unarudi kwa yeye."

Maate alimtazama. Alitamani kumpasua taya kwa kitako cha bunduki. Kisha akamwona akilini Edisa, akichota maji bombani kijijini, akiulizwa mumewe amefukuzwa kwa kosa gani.

"Mama yangu iko punda."

"Sisikii!"

"Mama yangu iko punda, afande!"

Safari hii hakucheka mtu. Hata Wahab, bingwa wa mizaha, alitazama viatu vyake. Kiiza akaung'oa ule mkanda kwa nguvu, ngozi ya paji ikabanduka, akamtwika sanduku kwenye bega bovu. Maate akapanda nalo mpaka juu.

Jioni waliofaulu wakagawiwa helmeti. Ya Maate ilimkaa sawasawa, ila ukingo wake ulitua juu ya kidonda. Alikuwa bado anaijaribu Edisa alipopiga simu; akamwambia amefaulu, na hapo hapo mama akamnyang'anya Edisa simu.

"Mwanangu, umefaulu! Mizigo yao ni mizito?"

"Mizito, mama."

"Ulikumbuka kubeba nilivyokufundisha?"

Aliweka kiganja juu ya helmeti, akaikandamiza kidondani.

"Nilikumbuka," akasema, na akazidi kuikandamiza.