Kiti Kinachorudi Nyuma

Gari lilikuwa na milango miwili tu, boneti ndefu, na injini iliyonguruma kwa adabu, kama mtu mwenye nguvu asiyehitaji kupiga kelele. Gereji nzima iliacha spana ikaja kulishangaa. Fundi umeme, ambaye wenzake walimbandika jina la Polepole, alimtazama kwanza mwenye gari: mama mfupi, mjane wa miezi minne.

“Nitolee mtu humu, fundi.”

“Mtu gani, mama?”

“Mume wangu. Tazama.”

Akafungua mlango. Kiti cha dereva kikaamka chenyewe, kikarudi nyuma, kikalala kidogo. Usukani ukashuka. Nafasi ya mtu mrefu. Kisha kimya.

“Kila siku ndivyo anavyonifanyia. Pedali sizifikii. Na gari nalipenda! Miaka tisa amenikalisha pembeni, usukani hakunipa hata mara moja.”

“Ni kumbukumbu ya kiti tu, mama. Imemkariri mwenye ufunguo. Vitufe viko viwili, yeye anaweza kubaki cha kwanza, wewe…”

“Atoke.”

Polepole hakufuta kitu bila kukipima. Akatoa futi, akapima, akaandika kwenye daftari: kiti hadi pedali, mgongo, usukani. Ndipo akafuta, akaweka nafasi ya mama. Mama akaondoka akitabasamu.

Kesho yake gereji ilifunguliwa ikamkuta mlangoni.

“Limesumbua?”

“Lisumbue wapi! Nilipoingia barabara kuu lilinibembeleza niongeze mwendo, nikaongeza. Nikacheka peke yangu. Nikageuka nimwambie.” Akaugeukia mlango wa dereva. “Leo nimefungua mlango, hakuna kilichosogea. Nirudishie, fundi.”

Polepole akafungua daftari, akakipanga kiti kwa vipimo vya marehemu. Mama akaingia upande wa abiria, kwenye nafasi yake ya miaka tisa, akakikagua kile kiti kitupu kuanzia juu hadi chini.

“Siye huyu. Amekaa mbele.”

“Vipimo ndivyo hivi, mama.”

“Mrudishe. Kidogo tena. Mlaze… Hapo.”

Polepole akapima. Vidole viwili nyuma ya alipoandika jana. Akatazama daftari, akamtazama mama, ambaye bega lake lilikuwa limeegemea upande wa dereva. Akalifunga daftari, akabonyeza kitufe cha kwanza kikariri pale pale aliposema mama.

“Na wewe utaendeshaje?”

“Niweke cha pili,” alisema mama kwa sauti ya chini. “Nitamwomba anipishe.”