Kulwa na Doto Waliolewa Sambamba

Mimi, Mkude Semindu, kidato cha tatu, kiranja mstaafu wa usafi (nilistaafishwa), natangaza rasmi kwamba usiku wa jana niliota ndoto yenye manufaa kwa vizazi vyote. Manufaa yenyewe bado sijayaona.

Kwanza mjue hali ilivyo. Juzi Mjomba Pazi alipokuwa msibani, amplifaya ya pikapu yake ya matangazo, aliyoiacha nyumbani, iliungua. Mjomba akaapa kwamba leo asubuhi atamwita Fundi Mhando tapeli mbele ya mtaa mzima, kwa sababu yeye ndiye aliyeifunga. Mimi nilimtakia usiku mwema, nikalala vizuri kabisa.

Mara nimesimama nyuma ya pikapu. Pametandikwa mkeka, na mkekani ameketi amplifaya, amevaa kanzu. Amekuja kuposa. Mbele yake kuna sabufa wawili, mapacha, wamejifunika kanga: Kulwa na Doto. Shangazi yao ni betri. Mshenga ni mimi, ingawa sikuulizwa.

"Mposaji wetu ana nguvu kiasi gani?" anauliza Shangazi Betri.

"Wati elfu mbili. Imeandikwa kwenye boksi lake."

"Za kila siku, au za mbele ya wageni?"

Amplifaya anatazama vidole vyake vya miguu. "Za kila siku ni mia tatu, Shangazi."

"Na hizo nyingine?"

"Hizo hutoka mara moja, kama chafya."

"Mia tatu zinawatosha. Tuje kwenye ukinzani. Wanangu kila mmoja ana ohm nne. Wewe unahimili ngapi?"

"Nne. Chini ya hapo napata homa."

"Basi, mshenga, wataingiaje? Mmoja nyuma ya mwingine, au sambamba?"

"Sambamba," ninasema. "Watapendeza."

"Wakiingia sambamba ukinzani unashuka, zinabaki mbili!"

"Shangazi, nne na nne ni nane. Nimesoma bweni mimi."

"Umesoma bweni, hukusoma waya."

Nimechoka kubishana na betri. Ninawaingiza sambamba. Mlango wa pikapu unakuwa mlango wa bwalo la shule yetu, na wanafunzi mia sita wanakula pilau la harusi.

"Wake zangu, niongeze sauti?" anauliza amplifaya.

"Ongeza," wanajibu pamoja.

"Hakuna mwenye pingamizi?"

"Hata kidogo, mume wetu."

Anaongeza. Anauliza tena, wanakubali tena. Moshi unamtoka kwenye kola. "Jamani, mmoja wenu anikatalie!"

"Tukukatalie? Haya, mume wetu, kama unapenda."

Besi inanguruma. Pilau linaruka kutoka kwenye sahani na kutunyeshea vichwani. Amplifaya anaanguka chali.

Shangazi Betri ananikamata shati. "Nani aliyewaoza sambamba?"

"Fundi Mhando."

Anawageukia mapacha. "Ni Fundi Mhando?"

"Ndiyo."

"Au ni huyu?"

"Ndiyo."

"Mashahidi gani hawa!" anafoka, na kunitikisa mpaka ninaamka.

Anayenitikisa ni Mjomba Pazi. Ameshavaa viatu.

"Amka twende kwa huyo tapeli. Na hiyo sikioni mwako ni nini?"

Anaichomoa. Ni punje ya pilau. Bado ya moto.

"Mkude, nyumba hii imekula ugali wiki nzima. Pilau umelila wapi?"

"Harusini, Mjomba."

"Harusi ya nani?"

Nilitafuta uongo. Ninao mwingi, lakini asubuhi hii haukutoka hata mmoja.

"Ya sabufa zako. Fundi Mhando alizifunga moja nyuma ya nyingine, vizuri tu. Juzi nikazifungua, nikaziweka sambamba, nitikise madirisha ya jirani yetu Mwalimu Chiduo, yule aliyenistaafisha ukiranja. Ni mimi, Mjomba. Fundi hakuwemo hata kwenye orodha ya waalikwa."