Mkono wa Mfungua Chaza

Jumatatu saa nne asubuhi, mchoraji Ezra Pennock aliipima picha yake kwa rula kwa mara ya kumi na saba. Ilikuwa picha ya Bwana Lowry, mwenye kiwanda cha mazulia hapa Philadelphia, ameketi na mkono wa kulia gotini. Bwana Lowry hakuwa na nafasi ya kuketi sana, kwa hiyo Ezra alichora mkono aliouchambua msuli kwa msuli katika chumba cha madaktari cha kupasulia maiti. Macho matupu hakuyaamini, aliamini sayansi.

Saa tano mkono ule pichani ukaanza kugonga goti. Mara mbili, ukatulia, mara mbili tena.

Madaktari watatu waliitwa. Wakaupima mkono mapigo: sabini na mawili.

"Hongera, Pennock! Hii ndiyo sayansi," alisema mkubwa wao. Wakashauri picha isiwekwe penye upepo.

Siku ya maonyesho, dobi Keziah Tolliver alileta vitambaa vya meza. Alipoiona picha akasimama.

"Silas, na wewe! Ndiyo umepata kazi ya kukaa?"

Silas, mumewe, alifungua chaza sokoni miaka ishirini. Kila chaza alimgonga mara mbili kwanza, asikie kama ni mzima. Alizikwa Januari katika makaburi ya watu weusi. Februari kaburi likakutwa tupu, na hakuna ofisi iliyotaka kumsikiliza mjane wake.

"Mama, huo ni mkono wa Bwana Lowry," alisema Ezra.

"Lowry huyo amefungua chaza wangapi? Tazama kovu la kisu hilo!"

Ezra alilipima kovu. Alikuwa mkweli, tatizo halikuwa hilo. "Kweli, nililikuta kwenye maiti," akasema.

"Basi nipe mume wangu nikamzike."

Madaktari walinong'onezana kwa muda mrefu.

"Haiwezekani, mama," alisema mkubwa wao kwa upole. "Tukiukata mkono pichani, mgonjwa atavuja damu."

Picha ikapata medali. Keziah akaruhusiwa kuja kila Alhamisi, kwa mlango wa nyuma. Huushika ule mkono, nao humgonga kiganjani mara mbili, kisha hutulia kusikiliza.

"Mzima, Silas," humjibu. "Mzima bado."

Inaniuma kusema, lakini baridi iliporudi makaburi yale yalianza tena kukutwa wazi. Ezra aliwaandikia madaktari barua fupi ya adabu. Safari hii aliomba mguu.